Gari la spoti la zamani linazima na kuwaka lenyewe: mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu ya umeme

Gari linazima kwenye barabara ya Kasumbalesa, malori yako nyuma yanapiga honi. Baada ya muda unazungusha ufunguo na linawaka kama vile halijawahi kuzima. Fundi anabadilisha bobini, ile koili inayotoa moto wa plagi. Siku chache linatembea vizuri, kisha linazima tena. Anabadilisha kondensa, halafu alternata, halafu pampu ya petroli. Pesa imekwisha na ugonjwa ni uleule.

Wenye magari ya zamani hapa Lubumbashi wanakwama hapo kila mara, na sababu ni moja: wanabadilisha vifaa kabla ya kupima. Kifaa kilichokufa hubaki kimekufa. Hitilafu inayokuja na kuondoka kwa kawaida iko mahali umeme unapovuka kutoka kitu kimoja kwenda kingine: kiungo kilicholegea, masi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi) yenye kutu, swichi iliyochakaa, au waya uliokatikia ndani ya ganda lake. Huwezi kuiona gari likiwa zima gerejini. Utaipata tu ukiipima wakati inatokea, umeme ukiwa unapita.

Mfano wangu ni MGB, gari la spoti la Kiingereza, kwa sababu nyaya zake ni chache na rangi zake ni zile za Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme vya magari, zinazopatikana pia kwenye Triumph, Austin-Healey na Jaguar E-Type. Ukiwa na Alfa Romeo, Datsun au Porsche, hatua ni zilezile. Rangi tu ndizo zinabadilika.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kufungua boneti

- Maltimita ya dijitali. Ikiwa na kitufe cha kuhifadhi kipimo cha juu na cha chini, ni bora zaidi.
- Taa ya kupimia yenye nguvu: balbu ya breki ya volti 12, wati 21, na nyaya mbili zenye vibanio vya meno.
- Balbu ndogo tatu za wati 5 kwenye soketi zake. Hizi ndizo kiini cha mwongozo huu. Utaona kwenye Hatua ya 5.
- Nyaya nyembamba za kutosha kufika kutoka injini na buti mpaka kwenye dashibodi, na fyuzi ndogo za ampea 2 za kuweka kwenye waya.
- Msasa laini, brashi ya waya wa shaba, dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, na vaselini.
- Koleo la kubania vichwa vya nyaya, vichwa vipya na mikono yake ya raba, mpira wa kusinyaa kwa joto.
- Fyuzi za akiba za aina sahihi.
- Mchoro wa nyaya wa mwaka wa gari lako hasa. MGB ilitengenezwa toka 1962 mpaka 1980 na nyaya zilibadilika mara nyingi. Mchoro wa mwaka mwingine utakupoteza.
- Daftari na kalamu.
- Mtu wa kukusaidia kuzungusha ufunguo.

Sikuweka bobini, kondensa wala alternata kwenye orodha hii. Ukiwa navyo viache kwenye kasha mpaka vipimo vikuambie.

### Tahadhari ambazo hazina mjadala

Vua pete na saa. Ukiondoa betri, anza na nguzo inayokwenda kwenye bodi. Hivyo spana ikigusa chuma haitapiga cheche. Kwenye MGB betri ziko nyuma ya viti na pampu ya petroli iko jirani nazo, upande wa kulia. Cheche na mvuke wa petroli mahali hapo vinaweza kuchoma gari zima. Ukisikia harufu ya petroli, acha umeme, tafuta kwanza panapovuja.

Angalia pia ni nguzo gani imefungwa kwenye bodi. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo masi. Nyingi zimegeuzwa baadaye, nyingine hazikugeuzwa. Ukifunga redio au alternata ya kisasa bila kuangalia, utaiunguza papo hapo.

Na fyuzi isibadilishwe kwa waya au karatasi ya sigara hata kwa safari ya kutoka Katuba kwenda mjini. Fyuzi inaungua ili waya usiungue.

## Hatua ya 1: Andika kilichokufa na kilichobaki hai

Hatua hii inafanywa bila kifaa chochote, na inapunguza kazi kwa zaidi ya nusu. Watu wanairuka kwa sababu haionekani kama kazi.

Mteja atakuambia: "Yaya, motokari inazima tu kama iko na moto." Jibu lake ni swali: "Mudogo wangu, taa nyekundu ya chaji inabakia ao inakufa nayo?" Mara nyingi hajui, maana hakuangalia. Mwambie aangalie mara ijayo, kabla hajagusa ufunguo.

Kwa nini taa hiyo? Inapata umeme kupitia swichi ya ufunguo. Injini ikizima huku ufunguo uko wazi, taa nyekundu inapaswa kuwaka. Ikiwaka, umeme umevuka swichi, na ugonjwa uko mbele: bobini, delko (kigawanyaji cha moto wa plagi) au pampu. Isipowaka, umeme haukufika hata kwenye dashibodi, na ugonjwa uko nyuma: betri, waya wa kahawia, au swichi yenyewe.

Kisha angalia geji ya mizunguko wakati gari bado linaviringika kwenye gia. Mshale ukianguka hadi sifuri kwa ghafla ilhali injini bado inazungushwa na magurudumu, mzunguko wa bobini umekatika. Mshale ukishuka polepole pamoja na mwendo, moto wa plagi upo. Tafuta upande wa petroli.

Halafu soma rangi. Kwenye magari yenye nyaya za Lucas:

- Kahawia: umeme wa betri wakati wote, bila fyuzi.
- Nyeupe: umeme ufunguo ukiwa wazi, bila fyuzi. Unakwenda bobini na, kwenye MGB, pampu ya petroli.
- Kijani: umeme ufunguo ukiwa wazi, kupitia fyuzi. Viashirio vya kona, taa za breki, waipa, geji ya petroli.
- Zambarau: umeme wakati wote kupitia fyuzi. Honi na taa ya ndani.
- Nyekundu ni taa ndogo, bluu ni taa kubwa, nyeusi ni masi.

Waipa, viashirio na geji vikifa pamoja halafu injini inaendelea, usipoteze hata dakika moja kwenye waipa. Vyote vitatu vinakunywa kwenye kijani kimoja. Nenda kwenye fyuzi yake. Taa moja tu ya nyuma ikififia, tafuta masi ya taa hiyo.

Umefaulu ukiwa na sentensi moja daftarini, kwa mfano: "Inazima ikiwa ya moto, kwenye mashimo, taa nyekundu inakufa, honi inapiga." Sentensi hiyo inaonyesha betri iko sawa na swichi ya ufunguo inashukiwa.

## Hatua ya 2: Betri na vibanio vyake

Betri iliyojaa na iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6. Chini ya 12.2, chaji kwanza, maana vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Ondoa waya mweupe kwenye bobini ili injini isiwake, kisha msaidizi azungushe stata wewe ukiwa umeweka ncha za maltimita kwenye nguzo zenyewe za betri. Isishuke chini ya volti 10 hivi. Sasa weka ncha moja katikati ya nguzo ya risasi na nyingine kwenye kibanio kinachoifunga. Stata ikizunguka, kipimo kikae karibu na sifuri. Ukiona nusu volti hapo, umepata kosa ambalo kwa macho halionekani kabisa: kibanio kinang'aa nje, ndani kuna utando wa kutu.

MGB za mpaka 1974 zina betri mbili za volti 6 zilizounganishwa kwa kebo fupi. Kebo hiyo imejificha chini ya kifuniko, inapata maji wakati wa mvua, na inasahauliwa. Ipime vilevile.

## Hatua ya 3: Masi

Ningekuwa na ruhusa ya kukagua kitu kimoja tu kwenye gari la zamani, ningekagua masi. Umeme unaokwenda lazima urudi, na kwenye gari unarudi kupitia chuma cha bodi. Chuma hicho kina rangi, kutu, na vumbi jekundu la kiangazi chetu ambalo linaingia kila mahali na kugeuka tope mvua za Novemba zikianza.

Elewa kwanza kwa nini kipimo cha ukinzani hakitoshi. Waya wenye nyuzi ishirini na nane, ukibaki na uzi mmoja, maltimita itasema uko mzima, kwa sababu inapitisha umeme kidogo mno. Washa taa kubwa, ampea zikipita, uzi huo mmoja unapata joto na volti zinapotea njiani. Hesabu ni rahisi: kiungo chenye ukinzani wa 0.1 omu kikipitisha ampea 10 kinakula volti nzima. Kwenye stata inayovuta ampea 150, hata 0.01 omu inakula volti 1.5. Kwa hiyo tunapima upotevu wa volti, kifaa kinachovuta umeme kikiwa kinafanya kazi.

Weka maltimita kwenye volti 20. Ncha moja kwenye nguzo ya betri inayokwenda masi, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Zungusha stata. Kipimo kisipite nusu volti. Kikipita, gawanya njia vipande: betri mpaka bodi, bodi mpaka injini. Kipande chenye volti nyingi ndicho kibovu.

Kati ya injini na bodi kuna ukanda wa shaba uliosukwa, kwa kuwa injini imekaa kwenye raba ambazo hazipitishi umeme. Ukanda huo ukioza, umeme wa stata unatafuta njia nyingine na kupita kwenye kebo ya choki au ya mafuta. Dalili yake huwezi kuikosea: stata inazunguka kwa uvivu na kebo ya choki inakuwa ya moto mkononi. Nyingine zinashikana kabisa.

Kwa masi za taa, washa taa na upime kati ya ganda la balbu na nguzo ya betri. Kisizidi volti 0.2. Ukikanyaga breki na kiashirio cha kona kikafifia au taa isiyohusika ikawaka kidogo, masi ya upande huo imekatika na umeme unarudi kupitia balbu ya jirani.

Kusafisha: fungua bolti, sugua chuma mpaka king'ae pande zote mbili na chini ya washa, funga kwa nguvu, kisha paka vaselini juu. Vaselini inakuja baada ya kukaza.

Umefaulu ukiona chini ya volti 0.5 kwenye stata na chini ya 0.2 kwenye kila taa. Andika namba. Safari nyingi za kutafuta hitilafu zinaishia hapa.

## Hatua ya 4: Njia ya kwenda, kutoka betri mpaka kifaa

Kazi ni ileile upande wa pili. Ncha moja kwenye nguzo ya betri isiyo ya masi, nyingine kwenye bobini pale waya mweupe unapoingia. Rudisha waya mweupe kwanza. Ufunguo wazi, platini (vigusio ndani ya delko vinavyofunga na kukata umeme wa bobini) zimefungwa ili bobini ivute umeme, taa kubwa zimewashwa. Upotevu wa jumla usizidi nusu volti. Ukizidi, fuata njia: waya wa kahawia kwenye stata, boksi la fyuzi, swichi ya ufunguo, kiungo cha waya mweupe. Mahali namba inaporuka ghafla ndipo pabovu.

Gari la 1975 kwenda mbele linaweza kuwa na bobini ya volti 6 inayolishwa kupitia waya maalumu wa ukinzani. Hapo volti kwenye bobini zitakuwa chini kwa makusudi. Hakikisha kwenye mchoro kabla ya kutangaza kosa.

### Boksi la fyuzi

Toa kila fyuzi. Vibanio vyake vya shaba vinalegea na kuwa vyeusi. Fyuzi inaonekana nzima lakini inagusa kwa shida, na kibanio kikipata joto kinalegea zaidi. Sugua, bana kidogo kwa koleo, rudisha. Fyuzi ikishikwa mkononi isiwe ya moto. Ikiwa ya moto ncha moja, kosa liko ncha hiyo.

Angalia pia fyuzi yenyewe. Kofia ya chuma inaweza kuachana na uzi wa ndani bila kuonekana. Zungusha kofia kwa vidole, ikicheza tupa.

Onyo la pesa na moto: fyuzi ya Lucas iliyoandikwa 35 inaungua kwenye ampea 35 lakini imekusudiwa kubeba 17 kwa muda mrefu. Fyuzi za kisasa huandikwa kile zinachobeba. Ukiweka ya kisasa ya 35, waya utaungua kabla yake. Weka ya 15 au 20.

### Vichwa vya risasi

Karibu na radieta, nyuma ya dashibodi na ndani ya buti utakuta nyaya zenye vichwa vidogo vya mviringo kama risasi, vimechomekwa kwenye mikono ya raba nyeusi. Ndani ya raba kuna mrija mwembamba wa chuma wenye mpasuko. Mrija huo ndio unaoshika.

Vuta raba nyuma kidogo uangalie. Ukiona unga wa kijani, hiyo ni shaba iliyoliwa na hewa na maji. Sisi watu wa Katanga tunaijua rangi hiyo, ni jamaa wa malakiti inayouzwa mjini ikiwa imechongwa shanga na visanduku vya vito. Ni nzuri kwenye shanga, lakini haipitishi umeme.

Usisafishe mkono wa raba uliopasuka au uliolegea. Weka mpya. Kichwa kipya lazima kiingie kwa nguvu na ukisikie kikikaa. Fungua mmoja mmoja. Ukifungua sita kwa pamoja ukitegemea kumbukumbu, rangi zilizofifia kwa miaka 50 zitakuchanganya, na kijani chenye mstari mwekundu (kiashirio cha kushoto) utakipeleka kwa kijani chenye mstari mweupe (cha kulia).

## Hatua ya 5: Taa za ulinzi ndani ya gari

Vipimo vya gerejini vikitoka safi na gari bado linazima barabarani, lazima upime barabarani. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, na haigharimu zaidi ya balbu tatu.

Funga balbu tatu za wati 5 juu ya dashibodi kwa tepu, mahali unapoziona bila kutoa macho barabarani. Ziandike A, B na C.

A inaanzia kwenye bobini, pale waya mweupe unapoingia, na kurudi kwenye masi safi ya injini.

B inafungwa kwenye nguzo zote mbili za pampu ya petroli: moja kwenye waya mweupe wa pampu, nyingine kwenye waya wake mweusi wa masi. Usiirudishe B kwenye bodi. Ukiirudisha kwenye bodi, masi ya pampu ikikatika balbu itaendelea kuwaka na kukudanganya.

C inaanzia kwenye waya wa kahawia wa boksi la fyuzi na kurudi kwenye masi ya bodi. Hiyo itawaka hata ufunguo ukitolewa; ikate ukiegesha.

Kwa kila balbu weka fyuzi ya ampea 2 pale unapochukua umeme, si upande wa dashibodi. Kahawia na nyeupe hazina fyuzi zao wenyewe. Waya wako ukichubuka kwenye tundu la chuma, nyaya zote za gari zitaungua. Pitisha nyaya mbali na egzosi na mbali na pedali.

Endesha kama kawaida mpaka gari lizime. Usiguse ufunguo. Soma balbu kwanza, halafu sogea pembeni.

- Zote tatu zimekufa: betri, vibanio, kebo kuu au waya mkuu wa kahawia. Rudi Hatua ya 2 na 4.
- C inawaka, A na B zimekufa: swichi ya ufunguo, au waya mweupe karibu nayo.
- C na B zinawaka, A imekufa: waya mweupe kati ya pale unapogawanyika na bobini.
- C na A zinawaka, B imekufa: waya wa pampu au masi yake.
- Zote zinawaka, mshale wa mizunguko umeanguka ghafla: bobini, kondensa au delko.
- Zote zinawaka, mshale umeshuka polepole: petroli. Pampu yenyewe, chujio, au tundu la hewa la tanki lililoziba.

Balbu inayofifia bila kuzima nayo inasema kitu: volti zinapotea kwenye kiungo kilichopata joto. Mwombe abiria aangalie, wewe endesha.

Kwa gari linalozima mara moja kwa mwezi, ziache balbu zikae mwezi mzima. Uvumilivu huu ni nafuu kuliko alternata.

Umefaulu ukiwa na hitilafu moja iliyosomwa kwenye balbu. Si lazima iwe imetengenezwa bado. Umejua iko kwenye waya gani.

## Hatua ya 6: Ichokoze mpaka itokee

Sasa unajua eneo. Injini ikinguruma polepole, chokoza eneo hilo peke yake, kitu kimoja kwa wakati.

*Kutikisa.* Gonga viungo kwa mpini wa bisibisi wa plastiki, vuta waya taratibu, pinda. Tikisa ufunguo ndani ya swichi. Rundo zito la funguo linalobembea kwa miaka linachakaza swichi ndani.

*Joto.* Mashine ya kukaushia nywele inatosha. Pasha kiungo kimoja, subiri, kisha kingine. Injini ikikohoa, umefika.

*Maji.* Chupa ya kupulizia, maji kidogo, kwenye viungo vya mbele na kofia ya delko. Ugonjwa unaotokea Januari tu na kupona Julai ni wa maji mpaka uthibitishwe vingine.

### Swichi ya ufunguo

Ukishuku swichi, chukua waya mnene wenye fyuzi ya ampea 15, toka kahawia kwenda moja kwa moja kwenye bobini, ukiweka swichi ndogo ya muda karibu na mkono wako. Injini haitazima kwa ufunguo waya huu ukiwepo, kwa hiyo swichi ya mkononi ni lazima. Kwa magari yenye bobini ya volti 6, usifanye jaribio hili zaidi ya dakika chache. Hitilafu ikipotea kabisa, swichi imehukumiwa.

### Ndani ya delko

Hapa pana kosa ambalo limeuzia watu bobini nyingi zisizohitajika, kwa hiyo nenda polepole.

Fungua kofia. Utaona bamba dogo linalobeba platini, na nyaya mbili fupi laini. Mmoja unaleta umeme toka bobini. Mwingine, wa kusokotwa, unaunganisha bamba na mwili wa delko; hiyo ndiyo masi ya platini. Kila unapokanyaga mafuta, mvuto wa hewa kutoka injini unazungusha bamba, na nyaya hizi mbili zinapinda. Zinapinda hivyo maisha yao yote. Mwishowe nyuzi zinakatika ndani ya ganda, na ganda linabaki zima, limenyooka, halina doa. Gari linatembea vizuri mwendo wa kawaida na kukatika ukiongeza mafuta, au kinyume chake.

Kupima: injini imezimwa, shika waya kwa vidole ncha zote mbili na uuvute kidogo. Waya mzima haurefuki. Uliokatika ndani unanyumbuka kama raba, kwa kuwa kilichobaki ni ganda tu. Kisha injini ikiwa kwenye mwendo wa polepole, chomoa mrija wa hewa upande wa kabureta, uzibe mdomo wa kabureta, na unyonye mrija kwa mdomo. Bamba litazunguka. Injini ikikatika unaponyonya, umeukamata.

Badilisha kwa waya wa nyuzi nyembamba sana uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Waya wa kawaida ni mgumu. Utazuia bamba na kukatika tena. Ukimaliza, weka platini milimita 0.35 mpaka 0.40.

### Bobini na kondensa

Hizi ni za kipekee, kwa sababu kweli huweza kufa zikiwa za moto na kupona zikipoa. Ila zihukumiwe mwisho, balbu A ikiwa inawaka, mshale umeanguka ghafla, na nyaya za delko ziko salama. Bobini ya volti 12 inasoma karibu 3 omu kati ya nguzo zake ndogo. Ipime ikiwa baridi, na tena mara tu baada ya kuzima barabarani. Kondensa mbovu inaonekana kwenye platini: cheche kubwa nyeupe zikifunguka, na nyuso zilizoungua. Badilisha moja tu, jaribu, ndipo ufikirie ya pili.

### Pampu ya petroli ya SU

Ukifungua ufunguo inapaswa kugonga haraka mpaka kabureta zijae, kisha inyamaze. Isipogonga huku B inawaka na kabureta ziko tupu, igonge taratibu kwa mpini. Ikiamka, platini zake za ndani zimekwisha. Itakufikisha nyumbani leo. Usiende nayo Likasi kesho.

## Hatua ya 7: Chaji

Haraka tu: injini kwenye mwendo wa kati, taa zimewashwa, volti za betri ziwe kati ya 13.8 na 14.5. Zikipanda na kushuka, angalia plagi ya nyuma ya alternata kabla ya kulaumu alternata, na mkanda kabla ya vyote viwili.

## Hatua ya 8: Tengeneza mara moja, tengeneza vizuri

Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa. Ukiwa mweusi ndani, endelea kukata. Bana kichwa kwa koleo lake maalumu, vuta kwa nguvu, kikitoka, hakikubanwa. Funika kwa mpira wa kusinyaa. Tepu peke yake, kwenye joto la injini, inaachia gundi na kukusanya vumbi.

Usitumie vile vibanio vya plastiki vinavyotoboa ganda la waya bila kuukata. Vinakata nyuzi na kuingiza maji, na nyingi ya hitilafu zinazokuja na kuondoka zimetengenezwa navyo na aliyefunga redio au king'ora.

Tumia rangi ileile ya awali kila inapowezekana. Usipoipata, funga alama ncha zote mbili na uandike kwenye mchoro. Fundi atakayefuata anaweza kuwa wewe mwenyewe, usiku, mvuani.

## Hatua ya 9: Jaribio la barabara

Acha balbu A, B na C mahali pake. Toka mjini kwenda Kipushi na kurudi, kama kilomita 60 kwa jumla, kwa mwendo wa kawaida. Pita baada ya hapo kwenye komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, saa za soko, ambapo utasimama na kuondoka mara nyingi, injini inapata joto na hewa haipiti radieta. Zima ikiwa ya moto, subiri robo saa, washa tena. Nyumbani, mwagia mbele maji kama unaosha gari, uwashe taa zote, waipa na honi kwa pamoja.

Rudia vipimo vya Hatua ya 3 na 4 gari likiwa bado la moto, na uviweke kando ya vile vya mwanzo. Namba zikiwa zimeshuka na balbu hazijapepesa hata mara moja, ondoa balbu, ukianza na ncha za upande wa umeme.

Likizima tena, soma balbu kabla ya kufungua boneti, kwa kuwa magari haya huwa na hitilafu mbili kwa pamoja, na ya pili ilikuwa imefichwa na ya kwanza. Fungua ukurasa mpya wa daftari na uanze Hatua ya 1.